Mwenzi wa Alhamisi

Simu ililia Shuka akiwa bafuni, na aliyeipokea ni mama mkwe wake.

Haikuwa tabia yake kushika simu ya mtu. Lakini jioni ile alikuwa amekaa mezani anachambua mchele, simu ikalia mbele ya pua yake, ikanyamaza, ikalia tena, naye akadhani ni watu wa hospitali wanamwita mkwewe kazini. Akaibonyeza, akaiweka sikioni. Kabla hajafungua kinywa, sauti ya mwanamume, nzito, yenye kicheko ndani yake, ikamuuliza:

"Haya, niambie kweli. Umekula nini leo?"

Mama mkwe akasema kwamba mwenye simu anaoga, na anayezungumza ni mama yake. Upande wa pili kukawa na ukimya kama wa mtu aliyevunja kikombe cha watu. Kisha ile sauti ikamwamkia kwa adabu zote, ikaomba radhi, ikasema itapiga baadaye.

"Usipige baadaye," mama mkwe akamwambia. "Njoo Jumapili mchana. Njoo uone kwa macho yako anakula nini."

Shuka alipotoka bafuni, taulo begani, aliikuta simu aliyoisahau iko peke yake katikati ya meza na mchele umesogezwa pembeni. Alisimama akingoja kugombezwa. Hakugombezwa. Aliambiwa tu kwamba Jumapili kuna mgeni, na kwamba Jumamosi aamke mapema wakanunue nyama.

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Hilo la Shuka alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukunja shuka la kitanda peke yake, bila mtu wa kumshikia ncha ya pili, likatoka limenyooka kama karatasi. Mchana kutwa alisimama mbele ya mashine ya kunyoosha, mvuke ukimpiga usoni, akipokea mashuka yakitoka ya moto upande wa pili wa roli, ile silinda ya chuma inayobana nguo. Wenzake walipokezana kwenda kupunga upepo. Yeye alikuwa hapendi kutoka. Kusimama alikuwa anaweza. Kutembea ndiko kulikomuuma.

Alikuwa mjane. Mumewe aliondoka na ugonjwa wa tumbo ulioanza kama mchezo. Suruali ilimlegea, akausogeza mkanda tundu la ndani, akacheka kwamba sasa ujana umemrudia. Madaktari wakampasua, wakamfunga, wakamrudisha nyumbani. Haukupita muda mrefu mama yake akawa anamnyanyua kitandani kwa mikono miwili, kama anavyonyanyuliwa mtoto anayepelekwa kuogeshwa. Naye alikuwa ndiye mtoto wake wa pekee. Walipotoka makaburini, kila mtu alitarajia mjane atafunga virago arudi kwao. Hakufunga. Alimkuta yule mama amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu akikunja soksi za marehemu, akashindwa hata kuuliza sanduku lake liko wapi.

Wakabaki wawili, wakaomboleza kwa kula. Mama mkwe aliendelea kupika kama vile bado kuna mwanamume ndani ya nyumba. Alipakua, akafunika sahani kwa sahani, akakaa ubavuni kwa Shuka mpaka kila kitu kiishe. Hakuwahi kumlazimisha. Alimtazama tu. Kila tonge lililoingia mdomoni mwa mkwewe lilimshusha mabega kidogo, na Shuka, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akampa hicho. Miaka ikaenda hivyo. Nguo zikabana, zikagawiwa watu, zikashonwa nyingine.

Aliyesema basi ni goti. Daktari aliligeuza huku na huku, akasema linahitaji kupasuliwa, lakini yeye hawezi kumlaza mezani mtu mwenye uzito ule, upungue kwanza. Akamwelekeza kwenye huduma ya halmashauri ya kupunguza uzito. Ilikuwa ya bure, kila Alhamisi jioni, kwenye ukumbi ulio nyuma ya ofisi za maji. Nafasi zilikuwa chache, na mtu akikosa mara mbili mfululizo, kiti chake anapewa mwingine aliyeko kwenye foleni.

Nyumbani Shuka alisema Alhamisi amepangiwa zamu ya ziada. Uongo ule ulimtoka laini hata yeye mwenyewe ukamtisha. Lakini angesemaje? Angemwambiaje yule mama kwamba anakwenda mahali watu wanapofundishwa kukonda?

Ukumbi wenyewe ulikuwa ule ule wa chanjo za watoto na mikutano ya wapangaji. Kulikuwa na viti vya plastiki, harufu ya dawa ya sakafu, na pazia la kijani lililofungwa kwa kamba kuficha mizani. Msimamizi alikuwa msichana mwembamba aliyeajiriwa na halmashauri, ambaye watu wa ukumbini walimwita Bibi Lishe kwa jinsi alivyopenda kuwapangia wazee kama wajukuu zake. Siku ya kwanza alimwita kila mtu jina analopenda kuitwa. Shuka aliposema lake, mwanamume mmoja mkubwa aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ya taratibu kwamba huyo dada asihangaike na mazoezi, jina lenyewe linamwombea. Ukumbi mzima ukacheka. Shuka alicheka pia, kicheko cha ghafla ambacho hakujua kama bado anacho.

Mwanamume yule alikuwa fundi wa lifti. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuning'inia ndani ya mashimo ya lifti kwa mkanda, akirekebisha waya na puli, mpaka siku mkanda ulipogoma kufunga kiunoni na kampuni ikamkalisha ofisini kupokea simu. Mimi napandisha watu na kuwashusha, aliwaambia, ila mwenyewe nimekwama. Mke wake alikuwa ameondoka zamani, enzi hizo fundi bado ni mwembamba, kwa hiyo alikuwa hana hata unene wa kusingizia. Hayo aliyasema akicheka. Shuka aliona macho yake hayakucheka.

Bibi Lishe aliwapanga wawili wawili. Kila mmoja awe na mwenzi wa kumfuatilia, kumpigia simu jioni, kumuuliza amekula nini. Fundi akaangukia kwa Shuka.

Mwanzoni waliulizana kama wanafunzi. Nimekula mkate, na chai, na viazi viwili. Viwili kweli? Basi vitatu. Lakini mtu akikuuliza kila jioni umekula nini, na wewe ukamjibu kweli, hufiki mbali kabla hujamwambia pia ulikula ukiwa na nani, na kwa nini, na kitu gani kilikuwa kimekukaa kooni kabla ya chakula. Shuka alianza kuingia bafuni na simu. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, maji yakitiririka bombani ili mtu asisikie, akamsimulia mwanamume asiyemuona. Siku nzima nyumbani alisema ndiyo mama, nimeshiba mama, zamu ilikuwa ndefu mama. Juu ya ndoo ile ndipo aliposema kweli. Naye fundi hakuwahi kumwambia ameongezeka wala amepungua. Alipomngoja nje ya ukumbi, alitembea polepole kulifuata goti lake, na walipofika pembeni ya barabara alimshika kiwiko, akakiachia kiwiko kile baadaye sana kuliko ilivyohitajika.

Sasa Jumapili ilikuwa inakuja, na kabla yake Alhamisi. Siku ile mama mkwe aliamka akilalamika kizunguzungu, akamwomba asiende kwenye zamu yake. Alilitamka neno zamu bila kupepesa. Shuka akabaki. Ikawa amekosa mara ya kwanza.

Jumapili fundi alifika na shati jeupe lililopigwa pasi na mfuko wa matunda. Mama mkwe aliupokea mfuko kama mtu aliyeletewa dawa, akaenda kuuweka jikoni, hakuurudisha. Meza ilikuwa imejaa: wali, nyama, viazi, mkate uliopakwa siagi. Kulikuwa na viti vitatu vya kukalia na cha nne ambacho hakikaliwi. Fundi alielewa bila kuambiwa, akakizunguka.

Mama mkwe alimpakulia yeye kwanza, kisha Shuka, na hakuna kati ya wale wawili aliyethubutu kusema inatosha. Sahani zilitua mbele yao zimejaa mpaka ukingoni. Shuka hakuinua macho. Alijua akimtazama fundi ama atacheka ama atalia, na mezani pale hakukuwa na nafasi ya kimojawapo.

Walikula kidogo kwa maneno ya kawaida, habari za kazi, habari za mvua. Fundi alipofika nusu akaweka kijiko chini, akashukuru.

"Kula, baba," mama mkwe akasema.

"Chakula chako kitamu, mama. Ila kimenitosha."

"Mwanangu naye alianza hivyo hivyo. Kimenitosha, mama. Mwishowe kikawa kinamtosha kijiko kimoja, tena cha maji."

Fundi akampa pole, akasema hakuja kumkumbusha machungu.

"Hujanikumbusha. Mimi sijasahau." Aliongea kwa upole, kama anayeeleza njia. "Nakuuliza tu kitu kimoja. Huyu alikuwa na mashavu. Sasa namtazama, shingo imechongoka, magauni yanamning'inia. Alhamisi ananiaga anakwenda kazini, jirani akamwona anaingia ukumbini, kumbe anakuja kwenu. Mnamfanya nini huko?"

Fundi akamweleza bila kupamba. Wanapimwa, wanafundishwa kupakua, wanafanya mazoezi wakiwa wamekaa kwenye viti. Hakuna mgonjwa, mama. Ni kwa ajili ya goti, ili daktari akubali kulipasua.

Alipolitamka neno lile la mwisho, Shuka alifumba macho. Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya bakuli la mchuzi.

"Kupasua," akasema. Akamgeukia Shuka. "Hata hilo hukuniambia."

"Nilijua utaogopa, mama."

"Nimeshaogopa. Nilianza kuogopa siku nilipokuona unajikaza mkanda. Nimekuwa nikilala na hofu hiyo peke yangu, mwanangu, kumbe dawa yake unayo wewe, umenyamaza nayo."

Kwa miezi yote ile Shuka alijiona yeye ndiye anayebanwa. Hakuwahi kufikiria kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu anayehesabu mifupa yake gizani, akidhani anazika tena.

Labda fundi angeondoka wakati ule mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa amekuja na neno lake, na watu wa aina yake wakishajifunga mkanda hawarudi juu bila kugusa chini. Alikaa vizuri kwenye kiti, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Mama, sikuja kwa ajili ya chakula tu. Nataka kumuoa. Nimeona nikwambie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye mzazi wake hapa."

Shuka alikuwa hajaambiwa. Moyo ulimruka, ukagonga mahali, ukakwama hapo.

Mama mkwe hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Aliinuka, akamwongezea mgeni maji kwenye bilauri, akakaa tena.

"Mimi simfungi mtu," akasema. "Mlango ule pale, hata komeo lake ni bovu. Akitaka kwenda, aende hata leo. Wa kwanza alitoka amebebwa. Huyu akitoka kwa miguu yake mimi nitashukuru." Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kilio. "Ila kwanza amalize kula."

Wote wawili wakamtazama Shuka.

Alikuwa na maneno. Alikuwa nayo tele, yamejipanga tangu juu ya ile ndoo. Alitazama mlango, ambao kweli hata komeo lake lilikuwa bovu. Alitazama mikono ya yule mama, mikono iliyomnyanyua mumewe kitandani. Chumba kilikuwa kidogo, joto la vyakula limepanda mpaka darini, na hewa yote iliyokuwemo ilionekana ni ya watu wawili tu. Akachukua kijiko. Akala. Alikula wali, akala nyama, akala viazi vilivyopoa, tonge baada ya tonge, tumbo likimkatalia na mkono ukiendelea, mpaka maua yaliyochorwa chini ya sahani yakaonekana yote. Mama mkwe alishusha mabega.

Fundi akashukuru kwa chakula, akaaga.

Shuka alimsindikiza hadi getini. Alichechemea nyuma yake, na kwa mara ya kwanza fundi hakupunguza mwendo.

"Ulikuwa na njaa?" akamuuliza walipofika.

"Hapana."

"Basi ulikuwa unanijibu mimi."

"Ulitaka nifanyeje? Hukunitahadharisha. Umeingia na ndoa yako mezani kwa watu kama umebeba mfuko wa matunda."

Hilo lilimchoma, na Shuka aliona lilivyomchoma, akaendelea tu kwa sauti ya chini, kwa kuwa dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Alimwambia kwamba yeye fundi anarudi kwake, anafunga mlango wake, anakula anachotaka. Hajui maana ya kutazamwa mdomoni. Hajui maana ya kupendwa na mtu mpaka ukakosa pa kuweka mguu.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika geti kwa mkono mmoja.

"Hata ungesema hapana," akasema, "ningeibeba hapana yako nikaenda nayo. Ila ile sahani siwezi kuibeba. Sijui umeniambia nini." Akavuta pumzi. "Sitapiga simu tena. Sitaki kuwa mlio unaokutetemesha ukiwa nyumbani kwako. Alhamisi nitakuwa ukumbini. Ukija, njoo na neno. Lolote."

Akaondoka. Shuka alibaki amesimama kwenye geti mpaka aliposikia, jikoni, maji yakimwagwa na sahani zikisuguliwa taratibu.

Siku zilizofuata walikaa kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba, kila mmoja akichunga asimkanyage mwenzake. Mama mkwe alipika kidogo zaidi, akasema bei za vitu zimepanda. Shuka alikula kidogo zaidi, akasema ameshiba. Simu ilikaa mezani mchana na jioni, na ikifika saa ile ilipozoea kulia, wote wawili waliisikia ilivyonyamaza.

Alhamisi, kazini, alisahau mkono kwenye shuka na roli nusura imvute vidole. Mwenzake aliizima mashine kwa kiganja, akamtukana kwa hofu, akamwambia aende nyumbani kabla hajaingia yeye mwenyewe kwenye pasi akatoka amekunjwa. Alienda. Njiani aliyapanga maneno yake upya. Aliamua kwamba hata kama hatakuwa na jibu la kumpa fundi, leo hatatoka nyumbani kwa uongo.

Alimkuta mama mkwe amekaa sebuleni na viatu vyake vya kutokea, mkoba mapajani.

"Mama," akaanza, "sina zamu leo. Sijawahi kuwa nayo Alhamisi. Nakwenda ukumbini."

"Najua. Nilikuwa nakungoja. Twende."

Mahali pale, penye viti vya plastiki na pazia la kamba, palikuwa pa Shuka. Palikuwa pahali pekee duniani ambapo hakuna aliyemtazama mdomoni. Alitaka kusema hapana, na hapana ile ilikuja mpaka kwenye meno ikarudi. Wakatoka pamoja, kama wazee wawili wa magoti, mmoja ameshika mkono wa mwenzake, na ni vigumu kusema nani alikuwa anamsindikiza nani.

Ukumbini Bibi Lishe alifurahi kumwona, akamwambia alishaanza kuogopa kukigawa kiti chake. Fundi alikuwa nyuma, mahali pake pa siku zote. Aliinuka nusu alipomwona Shuka, kisha akaona nani yuko naye, akaketi. Mama mkwe alipoambiwa kwamba wageni wanangoja pale mbele, akasema yeye si mgeni, ni mama, na anataka kuona hiyo mizani. Bibi Lishe alimtazama Shuka. Shuka akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kukataa mbele za watu kulimshinda.

Nyuma ya pazia kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Shuka alivua viatu, akapanda. Namba ilicheza, ikatulia. Ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imeshuka hata baada ya ile Jumapili.

Mama mkwe alikuwa haangalii namba. Alikuwa anaangalia miguu ya mkwewe juu ya chuma.

"Unaumwa?" akanong'ona.

"Siumwi."

"Niapie."

"Nakuapia, mama. Siumwi. Napungua kwa sababu nimetaka kupungua. Nataka nitembee." Alishuka kwenye mizani, akabaki amesimama uso kwa uso naye, pazia likiwagusa mabegani. "Mimi si yeye, mama. Nilimpenda na nilimzika, pamoja na wewe. Lakini mimi siwezi kuendelea kula kwa niaba yake."

Nje viti vilisikika vikivutwa. Mtu akakohoa.

"Na yule?" mama mkwe akauliza.

"Nampenda."

Yule mama aliukaza mkoba kifuani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa haina tena ule upole wa mezani. Ilikuwa ndogo tu, ya kawaida, ya mtu anayeogopa.

"Sitaki kubaki peke yangu ndani ya ile nyumba."

"Najua."

"Nilikudanganya kuhusu mlango. Ukitoka mimi sitashukuru. Nitakufa."

Shuka alimshika mabega. Alikuwa hajawahi kumshika hivyo, na alishangaa jinsi yalivyokuwa membamba, mabega ya mtu anayepika sufuria nzima na kula kikombe kimoja cha chai. Hakumwahidi kitu. Aliona kwamba akitoa ahadi pale, ama ataivunja ama itamvunja.

Mazoezi yalipoisha fundi alimngoja nje, pembeni ya mabomba ya ofisi za maji. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa ukumbi, mbali kidogo, amewapa mgongo kwa makusudi yanayoonekana.

Shuka hakuzungusha maneno.

"Nakutaka," akamwambia. "Uliomba neno, hilo ndilo. Nikiwa na wewe napumua. Lakini siwezi kumwacha. Ukinioa, umeioa na nyumba ile, na yeye ndani yake, na kile kiti kisichokaliwa. Utatazamwa unapokula. Utasikilizwa unapolala. Siwezi kukupa Shuka mwingine zaidi ya huyu mwenye kamba mguuni."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliomponza Shuka akampenda. Angekuwa mwongo angemkumbatia palepale na kumwambia hakuna neno. Badala yake alimuuliza kama kuna njia nyingine yoyote, kama mama anaweza kukaa kwa ndugu, kama wanaweza kupanga nyumba jirani. Shuka akatikisa kichwa kwa kila moja. Yote alishayafikiria juu ya ndoo.

"Nilishaishi kwenye nyumba moja ambamo sikuwa na nafasi," fundi akasema hatimaye. "Niliapa sitaingia nyingine. Nipe nifikirie."

"Fikiria."

"Sijasema hapana."

"Nimesikia ulichosema."

Alinyoosha mkono, akamshika kiwiko kama zamani, akakiachia mapema. Kisha akavuka barabara. Shuka alimfuata kwa macho mpaka shati lake likachanganyika na mashati mengine ya watu wanaotoka kazini.

Mama mkwe alikuja, akapitisha mkono wake chini ya mkono wa Shuka. Wakaanza kurudi. Barabara ilikuwa imejaa watu waliobeba mikate na watoto, maduka yamewasha taa mapema. Goti lilimuuma, lakini alikuwa hawezi kusimama kulipumzisha, kwa kuwa uzito wote wa yule mama ulikuwa umeegemea upande ule. Walitembea hivyo mpaka kona ya mwisho, ambapo mtaa wao unaanza na majirani hukaa nje kupunga upepo.

Hapo mama mkwe akapunguza mwendo.

"Ukitaka kulia," akasema, akitazama mbele, "lia sasa, kabla hatujafika kwa watu."

Shuka akalia. Alilia akitembea, bila sauti, machozi yakimwingia shingoni, na yule yule aliyekuwa akimliza akatoa leso kwenye mkoba, akampa, akamkaza mkono zaidi ili asianguke.